Jinsi Mji Unavyoomba Ruzuku ya Jimbo Kuboresha Bustani Zake: Mwongozo Kamili kwa Miji ya Marekani

Katika miji mingi ya Marekani, kodi ya majengo inakwenda kwanza kwa polisi, zimamoto, barabara na mabomba ya maji. Bustani za umma hubaki mwisho wa foleni. Bembea zinapata kutu, njia za miguu zinapasuka, vyoo vinafungwa kwa kufuli, na kila mwaka wa bajeti wakazi wanaambiwa wasubiri. Hapo ndipo ruzuku za jimbo zinapokuwa na maana, na hapo pia ndipo miji mingi inapoambulia patupu kwa sababu ya kuanza kuandika maombi kabla ya kuwa na kitu cha kuombea.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye ndani ya kazi hiyo: mfanyakazi wa idara ya bustani katika mji mdogo, mjumbe wa halmashauri, au mkazi aliyejiunga na kamati ya bustani ya mtaa wake akakuta wenzake wanazungumza lugha ya mifuko na masharti bila kumfafanulia. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba jimbo linapotoa ruzuku ya bustani linanunua ahadi: kwamba kipande fulani cha ardhi kitabaki wazi kwa umma na kitatunzwa kwa miaka mingi, mara nyingi milele. Karibu kila swali katika fomu linapima kama mji wenu unaweza kuaminiwa na ahadi hiyo.

Hatua ya 1: Ufahamu mfuko kabla ya kuuomba

Chanzo cha fedha ndicho kinachoamua masharti. Kuna aina mbili za mifuko ambazo mji wowote utakutana nazo.

Wa kwanza ni wa serikali ya shirikisho, ila unapitia mikononi mwa jimbo. Unaitwa Land and Water Conservation Fund, na watu wa kazi hii huuita LWCF. Ulianzishwa kwa sheria ya 1964, na fedha zake hutoka hasa kwenye mapato ya mafuta na gesi inayochimbwa baharini. Kwa miongo kadhaa Bunge la Marekani lilikuwa likitoa sehemu tu ya kiwango kilichoruhusiwa, mpaka sheria ya Great American Outdoors Act ya 2020 ilipouhakikishia mfuko huo dola milioni 900 kila mwaka. Fungu la majimbo linasimamiwa na National Park Service, idara ya shirikisho ya hifadhi za taifa, lakini mji hauandiki barua kwenda Washington. Mnaomba katika ofisi ya jimbo lenu, jimbo linachuja, kisha linapeleka miradi iliyochaguliwa juu kwa idhini. LWCF hulipa hadi nusu ya gharama, na nusu nyingine ni jukumu la mji.

Aina ya pili ni mifuko ya majimbo yenyewe, na hapa kila jimbo lina yake. Colorado hutumia mapato ya bahati nasibu kupitia Great Outdoors Colorado, chombo kilichoidhinishwa na wapiga kura mwaka 1992. Michigan ina mfuko uliojengwa kwa mrabaha wa mafuta, gesi na madini yanayotoka kwenye ardhi ya jimbo, na mji hutakiwa kuchangia angalau asilimia 25. Texas hutegemea kodi ya mauzo ya vifaa vya michezo. North Carolina ina Parks and Recreation Trust Fund, ambao umekuwa ukilipa hadi dola 500,000 kwa mradi, na mji unaweka dola moja kwa kila dola ya jimbo. New Jersey imekuwa na programu ya ruzuku ya Green Acres tangu 1961. California mara nyingi hutumia hati fungani zinazopigiwa kura, kama Proposition 68 ya mwaka 2018, iliyotenga mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya mitaa yenye uhaba wa bustani.

Tofauti hizi zina maana ya moja kwa moja kwenye kalenda yenu. Mfuko wa bahati nasibu au wa mrabaha kwa kawaida hufunguliwa kila mwaka, kwa hiyo mji usio tayari unaweza kujipanga kwa mwaka unaofuata bila hasara kubwa. Fedha za hati fungani ni jambo jingine: zikiisha zimeisha, mpaka wapiga kura waidhinishe nyingine. Duru ya namna hiyo, yaani awamu ya kupokea maombi, ikitangazwa jimboni kwenu, ni halali kabisa kusimamisha mambo mengine ya idara ili kuiwahi.

Pakueni mwongozo wa maombi wa duru iliyopita, hata kama mpya haujatoka. Someni kwanza ukurasa wa alama, unaoeleza jinsi maombi yanavyopimwa. Kisha mpigieni simu afisa wa ruzuku wa programu hiyo. Wengi huogopa kupiga simu hii wakidhani wanasumbua, ilhali kujibu maswali ya miji ni sehemu ya kazi yake, na angependa kupokea maombi mazuri kuliko mabovu. Mwulizeni kama mradi mnaoufikiria unakubalika, miradi iliyokosa safari iliyopita ilipungukiwa na nini, na kama viwango vya fedha au tarehe ya mwisho vimebadilika.

Hatua ya 2: Muwe na mpango ulio hai

Ili jimbo lipate fedha za LWCF ni lazima liwe na mpango wa jimbo zima wa burudani za nje, unaohuishwa kila baada ya miaka mitano. Utafuteni mpango huo na msome vipaumbele vyake, maana ndivyo vinavyogeuka kuwa alama. Kama jimbo limesema linataka njia za kutembea zinazounganisha mitaa na shule, mradi wa njia ya namna hiyo unaanza mbio ukiwa mbele.

Mji nao unahitaji mpango wake. Michigan, kwa mfano, haikubali maombi ya mji usio na mpango wa burudani wa miaka mitano ulioidhinishwa, na mpango huo lazima uwasilishwe kabla ya siku ya kupokea maombi, ambayo kwa kawaida ni Aprili 1. Majimbo mengine hayalazimishi, ila mradi usiotajwa katika mpango wowote hupoteza alama nyingi kiasi cha kuwa sawa na kukataliwa.

Mpango wenye faida unataja kila bustani kwa jina, ukubwa wake, vilivyomo, hali ya kila kimoja, na kama mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kukifikia. Unaeleza idadi ya watu wa kila mtaa, walichosema wakazi, na mwisho unaweka orodha ya miradi pamoja na mwaka na makadirio ya gharama. Sentensi kama "tutaboresha bustani zote" haimsaidii anayetoa alama. Anatafuta jina la bustani yenu na mradi wenyewe. Angalieni pia tarehe ya kuisha: mpango uliokwisha muda miezi miwili kabla ya maombi hauna thamani yoyote siku hiyo.

Hatua ya 3: Hakikisheni haki na mipaka ya ardhi

Maombi mengi hukwama hapa, na ukwamishaji huu huchukua muda mrefu kutatuliwa. Kabla ya kuchora bembea hata moja, mpeni mwanasheria wa mji hati ya kiwanja na mumuulize maswali haya. Je, kiwanja ni mali ya mji kweli, au ni cha wilaya ya shule, kanisa au kampuni ya reli ambayo imekuwa ikiuachia mji tu kwa mazoea? Kama ni cha kukodi, mkataba una miaka mingapi iliyobaki? Programu nyingi hutaka mji uwe na haki juu ya ardhi kwa miaka mingi mbele, na mkataba wa miaka mitano hautoshi. Je, aliyetoa ardhi hiyo zamani aliweka sharti kwamba itarudi kwa familia yake ikitumiwa vinginevyo? Kuna nyaya za umeme, bomba la gesi au haki ya njia inayopita katikati?

Kisha chunguzeni mpaka wa ahadi yenyewe. Ardhi iliyopokea fedha za LWCF inalindwa na kifungu cha 6(f)(3) cha sheria ile ya 1964. Haiwezi kugeuzwa matumizi yasiyo ya burudani ya nje ya umma bila idhini ya shirikisho, na idhini ikipatikana, mji lazima utoe ardhi nyingine yenye thamani ya soko angalau sawa, na yenye manufaa na mahali panapolingana. Ulinzi huu hauna mwisho. Haujali kama vifaa vilivyonunuliwa vimeshachakaa na kuondolewa, wala kama ruzuku ilikuwa ndogo.

Ndiyo sababu ramani ya mpaka inayoambatana na maombi ni karatasi nzito kuliko zote. Kaeni na idara ya maji, zimamoto na barabara kabla ya kuichora. Kama idara ya maji inafikiria kujenga tangi kwenye kona ya mashariki baada ya miaka kumi, kona hiyo iachwe nje ya mpaka leo, kwa uwazi, na jimbo liridhike kwamba kilichobaki kinatosha kuwa bustani kamili. Hata mnara wa simu uliokodishwa ndani ya bustani unaweza kuhesabiwa kuwa ni kugeuza matumizi. Nina heshima kubwa kwa sharti hili. Limeokoa bustani nyingi za mitaa isiyo na sauti dhidi ya maegesho ya magari na maduka. Lakini mji uingie ukiwa umefumbua macho.

Masharti ya jimbo yanaweza kwenda mbali zaidi. Katika New Jersey, mji unaopokea fedha za Green Acres huorodhesha ardhi zake zote za burudani na za wazi, na orodha hiyo nzima huwekewa ulinzi, pamoja na bustani ambazo hazikupata hata senti. Wajumbe wa halmashauri wanapaswa kulijua hilo kabla ya kupiga kura.

Angalieni pia mazingira na historia. Je, kiwanja kipo kwenye eneo la mafuriko? Kina ardhi oevu? Kiliwahi kuwa dampo au kituo cha mafuta? Fedha za shirikisho huleta pia uchunguzi chini ya sheria ya 1966 ya kuhifadhi mambo ya kale, maana uchimbaji unaweza kugusa makaburi, majengo ya zamani au mabaki ya watu wa asili. Ofisi za ukaguzi huu hujibu kwa kasi yao wenyewe, kwa hiyo barua zitoke mapema, miezi kabla ya tarehe ya mwisho.

Hatua ya 4: Wakazi waamue, na iandikwe

Programu ya California ya mitaa yenye uhaba wa bustani huhesabu mikutano: ili kupata alama za juu, mji unatakiwa kuonyesha angalau mikutano mitano ambamo wakazi wa eneo husika walichagua vitu vya kujengwa na kuvipanga mahali pake. Hata pale jimbo linapotaka kikao kimoja tu cha hadhara, ningefuata roho ya mikutano mitano. Bustani iliyochaguliwa na watu wanaoishi karibu nayo hutumiwa, na bustani inayotumiwa hulindwa na macho mengi.

Tatizo la vikao vya kawaida ni kwamba vinafanyika ukumbini mwa jiji, saa kumi na moja jioni, kwa Kiingereza, na wanaofika ni wale wale. Mama anayefanya kazi zamu ya jioni hayupo. Mzee asiyeendesha gari hayupo. Kijana wa miaka kumi na minne, ambaye ndiye atakuwa bustanini kila siku, hakuambiwa. Wafuateni walipo: bustanini penyewe Jumamosi asubuhi, maktaba, shuleni wakati wazazi wanachukua watoto, kanisani na msikitini baada ya ibada. Wekeni mkalimani kwa lugha zinazozungumzwa mtaani, na mtu wa kuwaangalia watoto wadogo. Kama mtaa wenu una familia zinazozungumza Kiswahili, msingoje mji uwafikirie. Jitoleeni kutafsiri tangazo, na mpeleke majina ya waliohudhuria yaingie kwenye kumbukumbu.

Msiulize "mnataka nini?" halafu mkaishia hapo, kwa sababu jibu litakuwa kila kitu. Wekeni mezani picha za vitu kumi, kila kimoja na gharama yake ya kukadiria, na wapeni watu bajeti ile ile mliyo nayo. Wakiona kwamba uwanja mmoja wa mpira wa kikapu wenye taa unakula fedha za njia nzima ya kutembea, wanaanza kupima na kujadiliana wao kwa wao, na maamuzi yanayotoka hapo yana nguvu.

Andikeni kila kitu: tarehe, mahali, idadi ya waliofika, namna walivyoalikwa, walichoomba, na hasa kilichobadilika. Anayetoa alama anatafuta sentensi kama hii: "Mchoro wa kwanza uliweka vyoo upande wa kaskazini, wakazi walitaka vihamishiwe karibu na uwanja wa watoto, na mchoro wa pili ulifuata." Hiyo inathibitisha kwamba mji ulisikiliza. Karatasi ya mahudhurio peke yake inathibitisha tu kwamba watu walikaa kwenye viti.

Hatua ya 5: Chagueni mradi mmoja na mkadirie gharama kwa ukweli

Mradi mmoja wenye mwili kamili huishinda orodha ya marekebisho madogo katika bustani sita. Uwe na mwanzo na mwisho, uweze kukamilika ndani ya muda wa mkataba, na mtu aone tofauti siku ya kufunguliwa.

Mwajirini msanifu wa mandhari mapema, hata kwa mchoro wa awali tu. Viwango vya upatikanaji kwa watu wenye ulemavu vilivyochapishwa mwaka 2010 chini ya sheria ya 1990 ya haki zao (Americans with Disabilities Act) lazima viwe ndani ya mchoro tangu siku ya kwanza. Njia ya kutembea isizidi mwinuko wa 1 kwa 20, yaani kupanda futi 1 kwa kila futi 20 za urefu. Ikizidi hapo inahesabiwa kuwa njia ya mteremko, ambayo nayo haitakiwi kupita 1 kwa 12 na huwa na masharti ya vishikio na mapumziko. Njia hiyo itoke kwenye maegesho na kituo cha basi mpaka kwenye bembea, meza, vyoo na bomba la maji ya kunywa. Meza inayofaa kiti cha magurudumu lakini imezungukwa na nyasi ni kasoro ambayo mkaguzi huiona kwenye picha ya kwanza.

Kwa uwanja wa watoto, kitabu cha usalama cha tume ya shirikisho ya bidhaa za walaji, CPSC, hutaka nafasi isiyo na kizuizi ya angalau futi 6 kuzunguka vifaa vilivyosimama, na sehemu kubwa zaidi mbele na nyuma ya bembea. Chini pawe na sakafu ya kupunguza maumivu ya kuanguka. Hapa mtachagua kati ya vipande vya mbao vilivyotengenezwa maalumu, ambavyo ni rahisi kununua lakini huhitaji kusawazishwa na kuongezwa kila mara, na mpira unaomiminwa, ambao ni ghali mwanzoni na rahisi zaidi kwa magurudumu. Kama idara yenu ina watu wawili wa matengenezo kwa bustani zote, jibu linapaswa kuzingatia hao wawili, si bei ya dukani tu.

Makadirio ya gharama yanapunjwa sana. Watu wanachukua bei ya kifaa kutoka katalogi na kusahau usafirishaji, ufungaji, kubomoa cha zamani, mifereji ya maji ya mvua, vibali, usanifu, upimaji wa udongo na bango la kumtaja mfadhili. Mnaomba leo, mkataba unaweza kusainiwa baada ya mwaka au zaidi, na zabuni ikaja baadaye tena. Ongezeni makadirio ya kupanda kwa bei, na kando yake akiba ya dharura. Asilimia kumi ni kawaida. Someni mwongozo kama usanifu una kikomo, kwa sababu programu nyingi hulipa sehemu ndogo tu ya gharama hizo. Mhandisi aweke sahihi yake kwenye makadirio.

Hatua ya 6: Tafuteni mchango wa mji

Tuchukue mfano wa mradi wa dola 400,000 chini ya LWCF. Ruzuku inaweza kuwa hadi 200,000. Mji unatafuta 200,000 nyingine, na si lazima zote ziwe fedha taslimu: 120,000 kutoka bajeti ya miradi mikubwa, 50,000 kutoka kwa wahisani, na 30,000 ikiwa thamani ya kazi ya wafanyakazi na mashine za mji wenyewe. Ardhi iliyotolewa bure, vifaa vya msaada na saa za watu wa kujitolea huweza pia kuhesabiwa, mradi zithibitishwe kwa tathmini au daftari la saa.

Kwa kawaida fedha za shirikisho haziwezi kuwa mchango kwa fedha nyingine za shirikisho, lakini zile za Community Development Block Grant, ruzuku ya shirikisho ya maendeleo ya jamii, huruhusiwa chini ya LWCF, na hilo ni jambo la kuliuliza mapema kama mtaa wenu ni wa kipato cha chini. Majimbo mengine huruhusu ruzuku ya jimbo iwe mchango kwa LWCF katika mradi mmoja, mengine hukataa. Florida inaonyesha namna mji mdogo unavyoweza kuanza: chini ya FRDAP, programu yake ya ruzuku za bustani, ombi lisilozidi dola 50,000 halihitaji mchango wowote. Illinois nayo, katika OSLAD, programu yake ya ruzuku za bustani, huwapunguzia mzigo wa mchango miji yenye hali ngumu.

Kuna jambo la fedha ambalo huwashtua wengi. Ruzuku nyingi za aina hii hulipwa kwa marejesho: mji unalipa mkandarasi kwanza, unawasilisha ankara na uthibitisho wa malipo, kisha jimbo linarudisha sehemu yake. Kwa mradi ule wa 400,000, mweka hazina anapaswa kujua fedha zote zitatoka mfuko gani kwa miezi kadhaa kabla hazijarudi. Na baadhi ya majimbo hushikilia sehemu ya mwisho mpaka ukaguzi wa kumaliza kazi upite.

Hatua ya 7: Azimio la halmashauri

Azimio liseme mji unaomba ruzuku gani kwa mradi gani, unaahidi mchango wa kiasi gani na kutoka wapi, nani ana mamlaka ya kusaini, na kwamba bustani itatunzwa na kubaki wazi. Tumieni maneno yaliyomo kwenye mwongozo kama yalivyo. Hesabuni nyuma kutoka tarehe ya mwisho, mkikumbuka kwamba halmashauri nyingi hukutana mara mbili tu kwa mwezi na ajenda hutangazwa kabla. Azimio lililopitishwa siku moja baada ya tarehe ya mwisho huangusha kazi ya mwaka mzima.

Hatua ya 8: Andikeni kwa ajili ya anayetoa alama

Mtu huyo ana rundo la maombi mbele yake na karatasi ya alama mkononi. Hajawahi kufika mjini kwenu. Jibuni maswali kwa mpangilio ule ule wa fomu, mkitumia vichwa vile vile, ili asilazimike kutafuta. Swali la hitaji lijibiwe kwa takwimu za eneo linalozunguka bustani, si za mji mzima: watu wangapi wanaishi umbali wa nusu maili, wangapi ni watoto, kipato cha kaya kikoje, kuna ekari ngapi za bustani kwa kila wakazi 1,000. Sensa ya Marekani hutoa takwimu hizi mpaka ngazi ya mtaa, na California ina chombo chake cha mtandaoni kinachochora duara na kutoa ripoti papo hapo. Shirika la Trust for Public Land nalo lina ramani zinazoonyesha nani anaweza kufika bustanini kwa dakika kumi za kutembea.

Picha ziwe za hali halisi: ufa kwenye njia, bembea iliyofungwa kwa mkanda wa onyo, mtoto anayevuka barabara kubwa kufuata uwanja wa karibu. Kila picha iwe na maelezo mafupi na mshale kwenye ramani.

Barua za kuunga mkono zinafaa zikiwa na kitu ndani yake. Barua tano zenye maneno yanayofanana zinaonyesha tu kwamba mtu mmoja aliziandika zote. Barua ya mwalimu mkuu anayesema darasa gani litatumia uwanja na siku gani, au ya klabu inayoahidi saa za kazi, ina uzito.

Msiache swali la matengenezo lijibiwe kwa sentensi moja. Semeni nani atakata nyasi, nani atakagua vifaa na kila baada ya muda gani, bajeti ya mwaka ni kiasi gani na imo kwenye mstari gani. Jimbo limeona bustani nyingi mpya zikichakaa mapema, na mji unaojibu swali hili kwa undani unatofautika mara moja na wengine.

Mkimaliza, mpeni mtu asiyehusika karatasi ya alama na maombi yenu, ayapime bila msaada wenu. Panapomkosesha jibu, mna kazi ya kufanya. Pakieni nyaraka siku kadhaa kabla. Mitandao ya majimbo huelemewa saa za mwisho. Kwa fedha za shirikisho, hakikisheni mapema kwamba usajili wa mji katika SAM.gov, tovuti ya shirikisho ya kuwasajili wanaoomba fedha zake, haujaisha muda, kwa sababu huhuishwa kila mwaka.

Hatua ya 9: Mkishinda

Msitangaze zabuni wala kununua chochote kabla ya mkataba kusainiwa na pande zote. Barua ya pongezi kutoka kwa gavana au mbunge si mkataba. Gharama zilizotumika kabla ya tarehe ya kuanza kwa kawaida hazirudishwi, isipokuwa zile mlizopewa ruhusa kwa maandishi.

Fungueni faili moja tangu siku ya kwanza: mkataba, matangazo ya zabuni, ankara, uthibitisho wa malipo, karatasi za saa za wafanyakazi, picha za kila hatua. Mabadiliko yoyote ya mchoro, hata kuhamisha banda mita chache, yaombewe idhini ya jimbo kabla ya kufanyika. Ripoti za maendeleo zipelekwe kwa wakati hata kama hakuna kilichosogea. Afisa akijua kwamba mvua imewachelewesha anaweza kuongeza muda, lakini mkikaa kimya bila kumpa habari hana la kuwatetea. Bango la mfadhili liwekwe kabla ya ukaguzi.

Bustani za LWCF hukaguliwa tena angalau kila baada ya miaka mitano. Ramani ya mpaka, basi, iwekwe kwenye ofisi ya mipango miji na ya karani, pamoja na hati ya kiwanja, siyo kwenye droo ya mkurugenzi wa bustani ambaye atastaafu. Ukiukaji mwingi wa kifungu cha 6(f) hutokea pale watumishi wapya wanapoidhinisha ujenzi bila kujua kwamba ardhi ile iliwahi kupata ruzuku miaka arobaini iliyopita.

Hatua ya 10: Mkikosa

Ombeni karatasi zenu za alama kwa maandishi, na mkutano na afisa wa ruzuku ndani ya mwezi mmoja, kabla hajaingia kwenye maandalizi ya duru nyingine. Gawanyeni alama zilizopotea mafungu mawili: zile ambazo hamwezi kuzibadilisha, kama ukubwa wa mji au kipato cha mtaa, na zile zilizo mikononi mwenu, kama mpango uliopitwa na wakati, kikao kimoja badala ya vitano, mchango mdogo au hati ya ardhi yenye utata. Shughulikieni fungu la pili tu.

Warudieni wakazi waliohudhuria na muwaeleze matokeo kwa ukweli, pamoja na tarehe ya jaribio lijalo. Wakipata habari hizo kutoka kwenu watakuja tena. Wakizisikia mitaani hawatakuja. Huisheni makadirio ya gharama, kwa sababu bei za mwaka jana hazitakubaliwa, na mpitishe azimio jipya, maana la zamani lilitaja duru iliyokwisha. Kama kuna sehemu ya mradi ambayo mji unaweza kuijenga peke yake, kama miti ya kivuli au njia moja fupi, ulizeni kwanza kama kuijenga sasa kutaiondoa kwenye hesabu ya mchango, kisha mwamue.